Uasi wa malaika: anzeni na Ufunuo 12

Mhariri,

Nawasihi vijana wetu wanaoandika hadithi za kubuni kuhusu uasi wa malaika waisome kwanza Ufunuo 12 katika Biblia. Aya ya 4 inasema mkia wa joka, yaani Shetani, ulikokota theluthi ya nyota za mbinguni. Aya ya 7 hadi ya 9 zinaeleza vita vya joka na malaika Mikaeli, kisha joka kutupwa chini pamoja na malaika zake. Chanzo cha ugomvi hakitajwi humo, na hapo ndipo penye uwanja mpana wa kubuni. Isaya 14 ina nyota ya alfajiri iliyoanguka, ambayo wengi huisoma kama Shetani, lakini aya ya 4 inamtaja mfalme wa Babeli kuwa ndiye anayesemwa.

Hadithi hizi hudorora kwa sababu msomaji anajua nani atashindwa. Msimulizi awe malaika wa cheo cha chini ambaye bado hajachagua upande, na nguvu zake ziwekewe mipaka tangu sura ya kwanza.

Msomaji, Jinja