Regyuleta ya priampu yako ya valvu

Mji wa Kale,
Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia na tumefurahi kusikia kuwa nyote hapo Malindi ni wazima. Sisi huku hatujambo, ila joto la kaskazi limetukalia.

Umeniuliza utie regyuleta gani, yaani kile kifaa cha kuzishika volti zisipande wala kushuka, kwenye priampu (kikuza sauti cha kwanza) ya valvu unayotaka kujenga kwa ajili ya zile santuri za marehemu babako. Nimependa kwamba umeanza kwa kuuliza habari ya umeme. Wengi huanza kwa kusaka valvu za jina, ECC83 za kale kutoka Uingereza au Uholanzi, na umeme wakauachia transfoma yoyote iliyopatikana. ECC83 mpya, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, bado inatengenezwa Urusi na Slovakia na inafaa kabisa. Pesa zako ziweke kwenye umeme.

Jibu langu ni kwamba utie regyuleta mbili, moja ya volti za juu na moja ya hita, ule waya unaopasha valvu moto, na zote ziwe sahali. Sasa nikueleze sababu, kwa kuwa ndiyo utakayoishika ukikwama.

Sindano ya sumaku hutoa kama milivolti 5 tu. Tena, kwa kanuni ya RIAA, jumuiya ya kampuni za santuri za Marekani, iliyowekwa mwaka 1954, besi hupunguzwa wakati wa kuchonga santuri, na kazi ya priampu ni kuirudisha. Ukilinganisha na herzi 1000, kwenye herzi 100 priampu huongeza desibeli 13 zaidi, na kwenye herzi 50 huongeza 17. Sasa tazama stima yetu: ukutani ni herzi 50, na baada ya dayodi zinazoufanya umeme uende upande mmoja ni 100. Kwa hivyo mvumo wa stima unakuzwa kuliko sauti ya mwimbaji mwenyewe. Valvu nayo haikukingi. ECC83 yenye rezista ya kilo-omu 100 kwenye anodi hupitisha zaidi ya theluthi moja ya kila mtikisiko ulioko kwenye umeme wake.

Lakini mvumo huo hauhitaji regyuleta. Rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya maikrofaradi 47 huupunguza karibu mara 300 kwenye herzi 100, na ukiweka jozi mbili umemalizana nao. Regyuleta inahitajika kwa kile kinachokuja polepole. Ukuta wa bandari huzuia mawimbi, lakini hauzuii maji kujaa na kupwa, na kapasita ni vivyo hivyo: badiliko la stima linalochukua sekunde moja au mbili hupita kana kwamba hapana kitu.

Nimelitazama jambo hili kwa macho. Usiku mmoja nilitoa kitambaa cha mbele cha spika, priampu ikiwa inafanya kazi bila regyuleta na sindano ikiwa imeinuliwa. Kiyoyozi cha jirani kikiwaka, taa inafifia kidogo, na koni ya woofa, spika ya besi, inatoka nje taratibu, inasimama, kisha inarudi ndani. Hausikii lolote. Mita niliyochomeka ukutani ilikuwa ikishuka kutoka 236 hadi 221 kila mara. Kisha weka santuri ya Juma Bhalo, mzaliwa wa kwenu, usikilize tashkota, kile kinanda cha nyuzi, wakati koni imesukumwa hivyo. Nyuzi zinapoteza ule ukali wake, na mtu atailaumu sindano au santuri kuukuu. Kumbe ni stima.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, pima stima ya nyumbani kwako saa mbili usiku, wakati kila mtu amewasha kila kitu. Volti za regyuleta huchaguliwa kwa stima ya chini kabisa. Transfoma ya 250 hukupa kiasi cha volti 350 kwenye kapasita ya kwanza stima ikiwa 240. Ikishuka hadi 200, unabaki na kama 292, na rezista ya chujio inakula kidogo tena. Ukitaka regyuleta itoe 300, usiku huo haitakuwa na la kufanya, na mtikisiko wote utapita. Mimi natoa 250. ECC83 inatosheka nazo, na nafasi inabaki hata siku mbaya.

Najua moyo wako uko kwenye valvu za gesi za kushika volti, ile OA2 ya volti 150 ikifuatana na OB2 ya 108. Wallahi zinapendeza zikiwaka, na jumla yake ya 258 ni nzuri. Lakini ili ziwake mwanzo huweza kutaka zaidi ya volti 300. Stima ikikatika usiku na kurudi ikiwa hafifu, kama ilivyo desturi yake, hazitawaka, na priampu itapata umeme usioshikwa na chochote. Tena hazikubali kapasita ya zaidi ya maikrofaradi 0.1 sambamba nazo, la sivyo huwaka na kuzima zenyewe mfululizo. Kwa mji wenye stima tulivu ningekuambia uzitie. Kwa pwani yetu, hapana.

Ipo pia ile ya LM317, regyuleta ndogo ya kipande kimoja, iliyopandishwa volti za juu, ambayo Michael Maida wa National Semiconductor aliieleza mwaka 1980. Ni kazi ya ustadi, ila bisibisi ikiteleza mara moja, sehemu nyingi huungua pamoja. Ubora wake mkubwa ni kushikilia volti hata mzigo ukibadilika, na mzigo wako haubadiliki. Kila nusu ya ECC83 hunywa karibu miliampea 1, muziki ukiwa juu au chini. Ukijumlisha na valvu za kutolea sauti, priampu nzima ya stirio ni kama miliampea 12, usiku kucha.

Basi fanya hivi. Panga zena (dayodi za kushika volti) tano za volti 51 mfululizo, upate 255, uzilishe kwa rezista ya kilo-omu 33. Kutoka juu ya zena pitisha rezista ya kilo-omu 100 hadi kapasita ya maikrofaradi 10, hapo ndipo kelele za zena zinapofia, kisha uingie kwenye geti, mguu wa kuongoza, ya mosifeti (aina ya transista) ya volti 800 au zaidi. Mosifeti inakula kama volti 4, kwa hivyo unapata 251 hivi. Karibu kabisa na mguu wa geti tia rezista ya omu 220, na baina ya geti na sosi, mguu wa kutolea, zena ya volti 12 ya kuilinda. Joto lake ni wati moja na kitu, lakini uifunge kwenye bati la kupoza, na kipande cha maika cha kuzuia umeme katikati.

Hita ni rahisi zaidi. Valvu tatu kwa volti 12.6 ni miliampea 450. LM317 yenye rezista za omu 220 na 2000 inakupa hizo 12.6 bila ya taabu. Tumia transfoma ya volti 15 na kapasita ya maikrofaradi 4700. Stima ikishuka hadi 200 bado inatosha. Hii nayo ipe bati kubwa, kwani inatoa karibu wati 3.

Soketi nunua za kauri. Hewa ya chumvi inakula miguu ya soketi hafifu, na mkwaruzo unaosikika baada ya miezi huwa umetoka hapo. Na tafadhali sana, weka rezista ya kilo-omu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita za volti za juu, na baada ya kuzima ungoje dakika mbili, kisha upime kwa mita kabla ya kutia kidole. Ukilazimika kupima umeme ukiwaka, mkono wa kushoto uuweke nyuma. Hizo ni volti za kuua mtu, na wewe una watoto.

Hizo namba za rezista nimezihesabu kwa stima ya Mombasa. Niandikie vipimo vyako vya usiku, na jinsi transfoma yako inavyotoa ikiwa na mzigo, nami nitakuhesabia upya ile ya kilo-omu 33 kabla hujalehemu.

Nisalimie mama watoto, na mzee wa hapo jirani.

Nduguyo