Mume wangu ameniapisha nifiche ugonjwa wake mpaka Novemba

Ndugu mshauri,

Salamu kutoka Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Mimi ni mama wa miaka 64, muuguzi mstaafu kutoka Muleba, mkoani Kagera. Mume wangu ana miaka 69, alikuwa mwalimu wa sekondari wa Hisabati na Kiingereza. Tuna watoto wanne na wajukuu saba. Februari mwaka jana usharika wetu ulitutuma huku kwa utume wa miaka miwili, kuwahudumia wakimbizi, na sasa tumebakiza miezi saba. Nakuandikia wewe nisiyekufahamu kwa sababu kila ninayemfahamu ndiye ninayemficha.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu ana presha, imepanda kupita kiasi, na ameniapisha nisiwaambie watoto wala ofisi ya kanisa iliyotutuma.

Naomba nieleze tunavyoishi, maana bila hilo utaona ni mzee mkaidi na mke mwoga tu. Tuna nyumba ya vyumba viwili, bati juu, saruji chini, maji ya kununua kwa madumu. Hatulipwi mshahara. Tunaishi kwa pensheni zetu na mchango mdogo ambao usharika unatuma kila baada ya miezi mitatu. Lugha haikutusumbua. Majirani wengi ni Wakongo wa Kivu, Kiswahili chao ukikizoea unakipenda. Wenyeji ni Wanyankole, na Mhaya hahitaji mkalimani kwa Mnyankole: akikwambia "agandi" unamjibu "ni marungi", kisha kila mtu anaendelea kwa lugha yake na mnaelewana. Ni baadhi ya wazee wa Mbarara mjini tu ambao mwanzoni walinikunjia uso nilipowasemesha Kiswahili. Kwao ni lugha waliyoisikia kwa wanajeshi, enzi za Amin na ile vita ya 1979. Sikuwalaumu. Nilikuwa binti mdogo majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, nyumbani kwetu tukapokea ndugu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto, na sijasahau mama mmoja aliyefika na godoro kichwani, akakaa nalo vile vile muda mrefu bila kulitua kwa kuwa hakujua aliweke wapi. Nilipoitwa kwenye utume huu nilimkumbuka yule mama.

Mimi natembelea wazee, wajane na kina mama waliojifungua. Mume wangu anafundisha. Watoto wa Kikongo wamesoma kwa Kifaransa, na shule za Uganda ni Kiingereza. Kijana aliyekuwa darasa la sita kwao anafika hapa anarudishwa chini kabisa, anakaa dawati moja na watoto wa miaka tisa, miguu haienei. Wengi wanaona aibu wanaacha. Mume wangu alianza na vijana watano jioni kwenye baraza la kanisa, kwa ubao aliougonga mwenyewe kwa mbao za kreti. Leo wanazidi 40. Kati yao 11 watafanya mtihani wa kumaliza msingi mwezi Novemba, ule wanaouita PLE, na mmoja wao ni binti wa miaka 18 ambaye alipokuja kwetu hakuwa anajua kuandika jina lake kwa herufi zinazosomeka. Mzee wangu anawajua wote, nani amekula na nani hajala.

Na hapo kwenye kula ndipo shida ilipoanzia. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, umegawanywa kwa makundi kulingana na hali ya kaya, wako waliopunguziwa na wako waliotolewa kabisa. Mtoto mwenye njaa haelewi sehemu wala asilimia. Mume wangu akaanza kununua posho, yaani unga wa mahindi, na maharage, jirani anapika sufuria moja kubwa kabla ya kipindi. Mimi niliunga mkono, tena nilichangia. Nilichokuwa sijui ni fedha zilikuwa zinatoka wapi.

Presha yake ni ya miaka mingi, na tulipojaziwa fomu za afya kabla ya kuja ilikuwa imetulia vizuri kwa kidonge kimoja kwa siku. Kila asubuhi nampima kabla ya chai, naandika kwenye daftari lenye mistari, tarehe kushoto, namba kulia. Mwaka jana wote zilikuwa 130 na kitu, kwa 80. Mwezi wa tatu mwaka huu zikaanza kupanda: 148, 155, 163. Nikadhani ni chumvi, nikapunguza. Nikadhani ni mashine, nikabadilisha betri. Siku moja nilikuwa natafuta sindano ya kushonea kwenye kopo lake la kalamu, nikakuta vidonge vimekatwa nusu nusu kwa wembe, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, amevipangia na siku. Kituo cha afya kikiishiwa dawa hizo tunanunua duka la dawa Mbarara, na yeye alikuwa ananunua za nusu mwezi, fedha inayobaki inakwenda kwenye sufuria la watoto.

Nilikaa kitandani na kile kikaratasi mkononi. Miaka 34 nimefanya kazi wodini, nimewaambia wake za watu wasiache waume zao wacheze na dawa za presha, na nyumbani kwangu sikuona.

Wiki tatu zilizopita alikuwa anafundisha hesabu za sehemu, chaki ikamtoka, akashika ubao kwa mikono miwili. Nilikuwa uani, nilisikia watoto wamenyamaza wote kwa pamoja. Nikampima hapo hapo kwenye benchi: 186 kwa 112. Asubuhi tulipanda bodaboda mbili hadi barabara kuu, tukachukua teksi hadi Mbarara. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima damu na mkojo kuangalia figo, akampima moyo, akaongeza dawa ya pili, akasema arudi kila baada ya wiki mbili mpaka presha ishuke. Kisha akasema neno ambalo mume wangu alijifanya hakulisikia: mzee wa hali hii akae karibu na hospitali, na apunguze kazi.

Tuliporudi, usiku, taa imezimwa, akaniambia: "Mama, nakuomba kitu kimoja. Usinirudishe nyumbani kabla ya Novemba." Akanitaka niape. Mume wangu si mtu wa kuomba, tangu tuoane ameniomba mambo machache mno. Nikaapa.

Sasa tangu siku ile anameza dawa zote mbili mbele yangu, na chakula cha watoto nimekichukua mimi, tunakipangia fedha waziwazi. Presha imeshuka kidogo, jana ilikuwa 158 kwa 96. Lakini hiyo bado ni juu, mimi najua. Ile safari ya pili ya Mbarara ameiahirisha mara mbili, mara kuna mitihani ya majaribio, mara mvua imeharibu barabara.

Binti yetu mkubwa yuko Mwanza. Anapiga kila Jumapili jioni. "Shikamoo mama, baba anaendeleaje?" Nami namjibu, "Marahaba mwanangu, anaendelea vizuri, anakusalimu." Jumapili iliyopita akasema sauti ya baba yake imechoka. Mzee akachukua simu, akaongea kwa nguvu, akawachekesha wajukuu, alipokata akakaa kimya karibu nusu saa. Binti huyu ndiye aliyepinga safari yetu tangu mwanzo. Alisema wenzetu wakistaafu wanapumzika kibandani kwao chini ya migomba yao, sisi tunakwenda kambini uzeeni. Nikimwambia leo, kesho atakuwa hapa na gari, na sitakuwa na neno la kumzuia.

Ofisi ya kanisa nayo hupiga kila mwisho wa robo mwaka kuulizia afya, na mimi ndiye ninayejibu kwa kuwa ni muuguzi. Mara ya mwisho nilijua tayari habari za vile vidonge vya nusu. Nilijibu, "Tuko salama, tunamshukuru Mungu." Huo ulikuwa uongo, na niliusema kwa kinywa kile kile ninachoombea wagonjwa. Unaniuma kuliko kiapo chenyewe.

Kuna jambo jingine, ndugu mshauri, na hili mume wangu mwenyewe halijui. Mimi pia sitaki kuondoka. Tumeoana miaka 41. Katika miaka hiyo yeye amefundisha shule za bweni Tabora na Shinyanga, mimi nikiwa Kagera kwenye zamu za usiku, na alipohamishiwa karibu tulikuwa na watoto, mashamba, misiba na michango. Sikumbuki mwezi hata mmoja ambao tulikula chakula cha jioni pamoja kila siku. Hapa Nakivale tunakula pamoja kila siku. Jioni tunatoa viti nje, ananimenyea viazi huku akinisimulia nani ameelewa sehemu na nani bado. Ndoa yangu nimeipata huku, nikiwa bibi wa wajukuu saba. Basi ninapojiambia nanyamaza kwa ajili ya kiapo, au kwa ajili ya wale watoto 11, najiuliza kama sinyamazi kwa ajili yangu mimi. Ndiyo maana siwezi kujishauri.

Nimefikiria njia ya kati. Kuna kijana mmoja kutoka Bukavu, alikuwa mwalimu kwao, anamsaidia mzee Hisabati na watoto wanampenda. Kiingereza chake bado kinasuasua, ila kinakua. Nimefikiria pia tuhamie Mbarara mjini, mzee aje Nakivale siku mbili kwa wiki, lakini hilo haliwezekani bila kibali cha ofisi, na ofisi haiwezi kutoa kibali bila kujua sababu. Kila njia inaishia kwenye mlango ule ule wa kusema ukweli. Nilijaribu kumgusia mzee kwamba tuwaambie wenyewe, kwa pamoja. Akasema, "Watatuona tumeshindwa." Mmoja wa wale vijana alitusikia siku nyingine tukibishana, akaniuliza nje, "Mama, mukienda, nani atabakia na sisi?" Sikumjibu.

Naomba unishauri kama mtu aliye nje ya haya yote. Je, nimvunjie mume wangu kiapo? Na kama ni kuvunja, nianzie wapi: nimwambie yeye kwanza kwamba nitasema, au nipige simu kisha nimweleze? Watoto wapate habari kabla ya kanisa, au kanisa kabla ya watoto? Nikianza na binti yangu atamchukua baba yake bila kuuliza. Nikianza na ofisi, watoto watajua niliwaona ni watu wa mwisho, na sidhani wataacha kulikumbuka. Na yupo mtu aliyewahi kumrudisha mwenzake nyumbani kutoka kwenye kazi aliyoipenda, wakabaki wanapendana? Huyo hasa ndiye ningependa kumsikia.

Ofisi itapiga Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Naomba jibu kabla ya siku hiyo.

Mama wa Muleba,
Nakivale, Isingiro