Binamu, orodha yangu ya kusi imechaguliwa na mama yako

Binamu yangu,

Nakuandikia hadharani, tena makusudi. Ujumbe wa simu unausoma, tiki mbili zinageuka buluu, kisha kimya cha wiki mbili. Hapa angalau watu watashuhudia kuwa nimekujibu, na ukinyamaza watakusuta wao.

Ulinitumia picha ya vitabu 15 umevipanga mezani, ukasema ndivyo utakavyosoma kiangazi hiki, ukamalizia: "Na wewe, vya kwako vipi?" Kwanza nikusahihishe, maana binamu asiposahihishwa huota pembe. Hicho kiangazi ni cha Ujerumani. Huku Tanga ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Masika yamekatika juzijuzi, alfajiri kuna kibaridi cha kujifunika kanga mbili, bahari imechafuka, wavuvi wengi hawatoki na samaki wamepanda bei hadi watu wanawaulizia kwa mbali. Jua likifika saa kumi na mbili na nusu limekwenda zake. Wewe umesema mwenyewe kuwa huko mpaka saa tatu na nusu za usiku bado kweupe. Mwenye mchana wa namna hiyo ana haki ya kupanga vitabu 15. Mimi nina saa moja kwa siku, na hiyo saa si yangu peke yangu.

Sijui uliambiwa vipi habari za macho ya mama yako. Nahisi uliambiwa kwa kuzungushwa, ili usije ukapanda ndege kwa mkopo. Ni presha ya macho. Dawa ya matone anaitia, mtu anamwona, kuku anamwona na kumfukuza, lakini herufi zimemkimbia. Na unamjua Shangazi. Huyu ni mtu aliyekuwa akisoma hata gazeti lililofungia vitumbua, akilimaliza kabla mafuta hayajalilowesha. Tangu Ramadhani iliyopita alikuwa akisomewa na mtoto wa jirani, mtoto mzuri, mwenye adabu, ila anasoma kama anayehesabu magunia ya mkonge. Siku moja mwezi wa Mei nilimkuta amemsimamisha katikati ya ukurasa, akamwambia kwa upole, "Basi mwanangu, kacheze." Kisha akakaa na kile kitabu mapajani, amekifunga, mkono juu ya jalada. Sikusema kitu. Nikarudi nyumbani kwa baiskeli nikiwa nimeshaamua.

Kwa hiyo shule zikifungwa, kila jioni baada ya alasiri nitakuwa barazani kwenu Ngamiani, na nitakachosoma mwezi huo ni kile kitakachosomeka kwa sauti. Basi hapo orodha yangu yote ya zamani ikapinduka.

Mwaka jana niliandika vitabu 12. Nilimaliza viwili. Kimoja katika vile kumi vilivyobaki kilikuwa cha namna ya kuwa tajiri kabla ya miaka arobaini, na miaka arobaini ilinikuta ukurasa wa 30. Orodha ile niliiandika ili nionekane msomaji, na nadhani hata hiyo yako ya 15 ina viwili vitatu vya namna hiyo. Usinune.

Safari hii nimefanya kama mwalimu wa hesabu. Likizo ni kama siku 28. Toa Ijumaa nne, Shangazi huwa kwenye kisomo na hataki kusumbuliwa. Toa siku nne za misiba, harusi na wageni wasioaga, maana Tanga bila hivyo si Tanga. Zinabaki jioni 20. Nilijipima kwa saa ya ukutani: kwa sauti, nikisimama pale anaposema "rudia hapo", nasoma kurasa 18 kwa saa. Mara 20, ni kurasa 360. Ndiyo mtaji wote. Kitabu kinachotaka kuingia kinatoa cha mwenzake.

Kisha nikafanya jambo ambalo nakushauri na wewe ulijaribu, hata kama huna wa kumsomea. Jumamosi mbili mfululizo nilifunga vitabu saba kwenye kerea ya baiskeli, nikamsomea Shangazi kurasa mbili za mwanzo za kila kimoja. Sikumwambia kuwa ni mtihani. Dalili nilizijua tangu utotoni: kikimwingia anauliza, "Ikawaje?" Kisipomwingia anakumbuka kuwa kuna sufuria jikoni.

*Nagona* cha Kezilahabi kilianguka hapo, na mimi nakipenda kwa dhati. Ni chembamba, kwa hesabu yangu kingechukua jioni chache tu. Lakini ni kitabu cha macho: unasoma, unarudi nyuma, unakaa. Masikioni kinakimbia kabla hujakishika. Baada ya ukurasa mmoja na nusu Shangazi aliuliza, "Huyu anatafuta nini?" Nikakosa jibu, akaenda kuangalia wali. *Rosa Mistika* cha mwandishi huyohuyo nilikitoa mfukoni tu, hata sikukifungua. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Hicho nilikisoma kabla hujazaliwa, kikiwa kimekatazwa shuleni, tunapeana chini ya madawati. Na si cha kusomewa na mtoto wa kaka yangu." Binamu, mambo mengine kuhusu mama yako nimeyajua ukubwani.

Kingine kilichobaki nje kwa sababu ya hesabu tupu ni kile cha Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. "Ikawaje" aliuliza, tena mara mbili. Lakini ni tofali. Mzee yule alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa 1980. Kitabu kilichosubiri miaka 35 kinaweza kusubiri likizo ya Desemba.

Sasa vilivyopita.

Tutaanza na *Kusadikika* cha Shaaban Robert. Najua utasema hicho tulikikariri kwa ajili ya mtihani. Ndiyo, na ndiyo sababu hatukukisoma. Tulijifunza dhamira na maudhui, tukajaza nafasi, tukasahau. Mimi nimekifungua upya nikiwa na jicho la mtu anayetafuta mahali pa kuvuta pumzi, nikaona kimejengwa kwa ajili ya masikio. Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha watu sheria, na utetezi wake wote ni hadithi: wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakaleta mema, wakalipwa kifungo. Kila mjumbe akimaliza safari yake pana pa kupumzika, na kitabu chote nimekipa jioni nne. Zile sentensi ndefu za Shaaban Robert ambazo darasani zilitusinzisha, kwa sauti zinakaa kama mizani, upande huu na upande huu. Shangazi alikuwa akitikisa kichwa kabla sentensi haijaisha, anajua inatua wapi.

Jambo moja tu linatugombanisha. Nikisema "zambi" ananisimamisha. "Dh, mwanangu. Dhambi. Huko chuoni bara walikupa shahada wakakunyang'anya ulimi?" Sasa naipasha midomo moto njiani, nikiendesha baiskeli: dhahabu, dhoruba, thawabu, ghadhabu. Wapita njia wa Makorora wananitazama.

Na kuna habari ya jirani. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapo Machui, tarehe 1 Januari 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha miaka mingi, akafariki Juni 1962, na kaburi lake liko hukohuko Machui. Sisi tumepita njia ya Pangani mara ngapi na mipira na vyandarua vya kamba, hatukuwahi kusimama? Tumepanga Jumapili moja ya likizo twende. Shangazi amesema atakuja kwa sharti la kiti cha mbele. Nitabeba *Kusadikika* nimsomee kurasa za mwisho hukohuko. Labda ni mambo ya kitoto. Basi tutakuwa watoto wawili.

Cha pili ni *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohammed Said Abdulla. Hapa sihitaji maneno mengi: kuna maiti, kuna mzimu, kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum anayeuliza yale ambayo sisi tungeuliza. Kilishinda shindano la uandishi mwaka 1957 hadi 1958 na kikachapishwa 1960, na mpaka leo kinamfanya mtu asogeze kigoda karibu. Shangazi ameshamtaja muuaji tangu kurasa mbili za mwanzo. Amekosea. Nimempa jioni sita za kukosea, ndiyo kitabu chenye fungu kubwa kuliko vyote, na sijutii hata ukurasa.

Cha tatu ni wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, ulioandikwa na Shaaban Robert tena. Nilisita kumweka mtu mmoja mara mbili, nikasema potelea mbali, orodha si kamati. Hiki nimekiweka kwa ajili ya mambo yatakayotokea pembeni ya kitabu. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akiitwa Mtumwa, akatembeza vyungu akiviuza, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Nikifika hapo najua sitasoma zaidi. Mama yako ataingilia na habari za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, za nani alikuwa akiimba, nani alitunzwa nini ukumbini, na shoga yake gani alishona gauni kwa ajili ya usiku mmoja. Nimeacha jioni nne. Mbili za kitabu, mbili za Shangazi. Rekoda ya simu nitaiwasha, nimeshamwomba ruhusa, amesema niizime akifika kwenye majina.

Cha nne kinakuhusu wewe kuliko wote, kwa vile unakaa huko kwao: *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, wa Hemedi bin Abdallah, mtu wa mwambao huu huu. Nina nakala niliyotoa fotokopi kwa mwalimu mwenzangu aliyestaafu, kurasa mbili zimekatika pembeni. Unakumbuka tulifundishwa Abushiri kwa mistari mitatu: aliwapinga Wajerumani, akashindwa, akanyongwa Pangani Desemba 1889, andika, geuza ukurasa. Huyu anakusimulia kama mtu aliyesikia mizinga. Na utenzi hausomwi, unaghaniwa. Mizani nane kila kipande, vipande vitatu vinavutana kwa kina kimoja, cha nne kinarudi palepale ubeti baada ya ubeti. Mimi nikausoma kama taarifa ya habari. Shangazi akavumilia beti tano. Kisha akafumba macho akaanza kuughani mwenyewe kwa lahani aliyoisikia kwa bibi yake, mimi nikawa namtangulizia maneno kwa sauti ya chini, yeye anayapandisha. Msomaji akawa nani pale, sijui. Mwuza kahawa alisimama na birika lake hata akasahau kugonga vikombe.

Nimeuwekea jioni tatu. Nadhani zitakuwa pungufu.

Nne, sita, nne, tatu: 17. Zimebaki jioni tatu, na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu tiki zako za buluu.

Nimeikuza ile picha yako ya vitabu 15. Cha tano kutoka kushoto ni cha Gurnah, *Paradise*, umekinunua kwa Kijerumani. Binamu, nimekusamehe kuhamia huko, nimekusamehe hata kuacha pilipili. Lakini mtu wa Unguja, aliyepewa Nobel mwaka 2021, ameandika juu ya kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, akasafiri na msafara kutoka pwani yetu hii kwenda bara, halafu wewe mtoto wa Ngamiani ukamsome kwa lugha ya walioingia na bunduki mwisho wa hadithi? Ida Hadjivayanis amekitafsiri kwa Kiswahili, kinaitwa *Peponi*, kimetoka 2022. Mimi nakala yangu niliagiza Dar, ikaja na basi, nikaifuata stendi ya Kange kama anayepokea posa. Kwa jioni 20 hakiingii chote, ni kirefu. Nakisoma peke yangu usiku. Ila mlango wa kwanza unaingia.

Nilimwuliza Shangazi zile jioni tatu tuzijaze na nini. Alinyamaza kidogo, akakunja ukili aliokuwa akisuka, akasema: "Hizo za yule wa Ulaya. Achague mwenyewe, na asome mwenyewe."

Kwa hiyo zimekaa wazi. Nimezipanga Jumapili tatu, saa kumi na moja jioni kwetu, ambayo kwako ni saa kumi, jua liko juu huna pa kukimbilia. Simu nitaiweka juu ya kigoda, spika wazi. *Peponi* au kingine chochote, sikuchagulii, mradi kiwe cha Kiswahili na uwe umekipitia kwa sauti mara moja kabla, maana zile "dh" na wewe zitakuadhiri. Mama yako ana sharti lake pia, na amenitaka nilifikishe kama lilivyo: usisome mbiombio kama unakimbilia treni.

Chaji ya simu niachie mimi.