Ndege yako ya kujijengea, ipime kabla ya rangi na baada ya rangi

Wateja wanaojenga ndege za viti viwili wanatuuliza sana, kwa nini nilipie kupimiwa uzito wakati kampuni iliyoniuzia vipande ishaandika namba zote? Manake zile namba ni za ndege yao, yako umeweka viti vya ngozi, redio mbili, zulia, na kila kimoja ulisema hiki chepesi tu.

Chukua RV-6 ya Van's, kampuni ya Marekani inayouza vipande vya ndege za kujijengea, ile ya kukaa ubavu kwa ubavu iliyoruka mara ya kwanza 1985. Uzito wake wa mwisho wa kuruka nao, vyote pamoja, ni kama kilo 725 na matangi yanabeba lita 144, yaani ukijaza fulu ni kilo 103 hivi za mafuta. Tuseme yako tupu ina kilo 455, inabaki 167 ya watu wawili na mizigo, safi kabisa. Ongeza madoido ya kilo 30, imebaki 137, na hapo watu wazima wawili wengi hawaenei hata kabla ya begi, au wapunguze mafuta, yani umejenga miaka yote hiyo halafu mwenzako anabaki chini.

Ila kinachotunyima usingizi zaidi ni mkia kuwa mzito. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapojisawazisha, kikirudi nyuma kupita kiasi fimbo ya kuongozea inakuwa nyepesi mno, pua inapanda yenyewe, na mabawa yakiacha kubeba ndege inaweza kuzunguka kama pia na isitoke humo. Kwenye RV-4, nyingine ya Van's, abiria anakaa nyuma ya rubani, so kuruka peke yako na kuruka wawili ni kama ndege mbili tofauti kabisa, usije ukazoea moja ukadhani unaijua nyingine. Long-EZ, ndege ya kujijengea iliyobuniwa na Burt Rutan, yenyewe injini iko nyuma, ndo maana ikiegeshwa inapigishwa magoti, pua chini, bila mtu mbele inaweza kukalia mkia.

Na mafuta nayo yanahama. Kwenye RV-6 matangi yako ndani ya bawa, sehemu yake ya mbele, kwa hiyo kadiri unavyoruka kitovu kinarudi nyuma, ulipaa vizuri lakini unatua kitovu kikiwa kimekaribia mpaka wake wa nyuma. Hesabu ya tangi karibu tupu na begi nyuma hatuiruki hata siku moja.

Tunakuja na mizani tatu, kila tairi na yake, hanga tunafunga manake hata upepo mdogo juu ya bawa unadanganya mizani. Ndege inalazwa sawa kama iko angani, yenye gurudumu la mkiani tunainyanyua huko nyuma, tunashusha timazi kutoka ukingo wa mbele wa bawa tunapima hadi kwenye ekseli. Kila uzito mara umbali wake, jumla yake gawa kwa uzito wote, unajua kitovu kiko wapi, basi.

Tunapenda kuanza kabla ya rangi kwa sababu kama kuna tatizo betri bado inahamishika bila kuharibu kitu. Baada ya rangi tunarudi, na elevata (vibao vya mkiani vya kupandisha na kushusha pua) na aileroni (vya bawani vya kulaza ndege upande) lazima zisawazishwe upya, rangi ikizidi nyuma ya bawaba zinaweza kuanza kutetemeka kwenye mwendo mkali na kuvunja ndege hewani. Ukibadilisha propela ya mbao ukaweka ya chuma pia tuite, karatasi ya zamani hapo haifai tena.