Afande, mvua ikinyesha Meru, tufungieni makorongo
Barua ya wazi kwa Mkuu wa Usalama Barabarani, Mkoa wa Arusha

Shikamoo Afande.

Mimi ni dereva wa Hiace, mwaka wa 14 sasa nabeba abiria kati ya mjini na Usa River. Nakuandikia kuhusu makorongo.

Mvua ya kwetu inadanganya. Inanyesha juu mlimani huku mjini jua linawaka, halafu korongo lililokuwa kavu asubuhi linashuka na mawe na magogo. Abiria wanasema, "Pita tu, mwenzako kapita." Na kweli kapita, dakika tano kabla.

Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji korongoni kule Muriet, watoto wakafa. Mpaka leo, asubuhi ya mvua nikiona gari la shule, nalitazama linakoelekea.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia. Nilikatiza njia ya ndani kukwepa foleni, maji hayakufika hata magotini. Katikati usukani ukawa mwepesi mkononi, mbele kukaanza kuhama. Nilirudi kinyumenyume akina mama wakilia. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuinua gari dogo. Yakifika 60 yanaweza kubeba hata magari yaliyoinuka juu, kama pikapu. Na yakiwa ya tope, hujui kama chini barabara ingalipo.

Ombi langu ni hili: masika haya, mlima ukifunga wingu zito, askari wasimame kwenye vivuko vya makorongo na wazuie magari mpaka maji yapungue. Dereva akisimama kwa hiari yake anatukanwa na abiria, na jioni bosi anadai hesabu kamili. Akisimamishwa na askari, hakuna wa kumlaumu. Ofisi yako iwaombe pia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wasimike nguzo zenye alama nyekundu za kina, tuzione hata usiku.

Kwenye ukaguzi, tairi na waipa viangaliwe kabla ya stika za kioo. Tairi kipara kwenye lami yenye maji halishiki chochote, breki unakanyaga na gari linaendelea kuteleza.

Askari wakiwa wachache, anzeni na saa za wanafunzi: alfajiri saa 12 hadi saa 2, na tena kuanzia saa 9 alasiri. Mkinisimamisha nitazima injini, abiria wangu nitawaeleza mwenyewe.

Dereva wa Hiace, njia ya Usa River