Naibu chansela asiyesikiliza hupoteza wahadhiri

Mhariri,

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya mwaka 2025 ulidumu wiki saba, chanzo kikiwa malimbikizo ya mishahara ya shilingi bilioni 7.9. Deni hilo lilikuwa la serikali. Hata hivyo, mshahara pekee haumrudishi mhadhiri darasani kwa moyo. Naibu chansela, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa chuo, anayeweka wazi hesabu za chuo mbele ya wafanyakazi huvumiliwa hata malipo yakichelewa. Anayeongoza kwa vitisho na barua za onyo hubaki na watu wanaomaliza kipindi na kukimbilia vibarua vyuo vya jirani, huku tasnifu za wanafunzi zikilala mezani. Mabaraza ya vyuo yanapoajiri naibu chansela, yawaulize wafanyakazi aliowahi kuwaongoza, makarani na madereva wakiwemo.

Mzazi, Nakuru