Shoga, usitie tena mkono kwenye hilo tangi

Neema shoga yangu,

Mambo? Za Arusha na hiyo baridi yenu. Huku Kigamboni tuko salama, watoto wazima, joto lake ndo lile lile. Meseji yako nimeisoma ikaninyima raha ndo maana nakuandikia kirefu badala ya kukujibu vipande vipande.

Yani unaingiza mkono kwenye tangi lako la samaki wa maji chumvi kusugua kioo, kidole chenye kidonda kinatekenywa, afu unaniambia eti umeshazoea. Usizoee mwaya. Inawezekana kabisa ni kiumeme kidogo kisicho na madhara, kidonda kinakisikia kwa sababu hapo hamna ngozi ya kuzuia, lakini mpaka ijulikane ni nini we chukulia kuna kifaa kimekufa humo ndani, na kabla ya kuingiza mkono unachomoa kila kitu. Nasema kuchomoa plagi, sio kuzima swichi, maana swichi ya soketi kwa kawaida inakata waya mmoja tu na kama fundi aliyewaya hiyo nyumba aligeuza laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaorudisha) basi ukizima unakuwa umekata nyutro, hita ya kupasha maji inaonekana imelala kumbe laivu bado imo.

Sasa hiyo volti 38 uliyopima kwa multimita, waya mmoja kwenye maji mwingine kwenye ethi ya soketi, yani waya unaokwenda ardhini. Namba hiyo peke yake haikuambii kitu. Pampu ina koili ya volti 230 imekaa ndani ya maji, imetengwa na plastiki tu, umeme wa AC unajipenyeza kidogo hata plastiki ikiwa nzima bila ufa, na multimita za dijitali zina ukinzani mkubwa, nyingi megaomu 10, kwa hiyo zinasoma hata kiumeme ambacho ukikipa kazi ya kuwasha taa ndogo kinapotea hapo hapo. Watu kibao wenye matangi ya maji chumvi wanapima wanakuta 20, 30, 40 na vifaa vyote vizima. Ila kuna upande wa pili, hita ikipasuka kioo inaweza kusoma 200 na ushee au ikasoma hiyo hiyo 40, inategemea ufa umefunua sehemu gani ya waya wa ndani. Ndo maana mi siwaamini kabisa wanaoangalia namba ya volti wakasema hii salama hii sio salama.

Kinachoua ni umeme unaopita mwilini. Miliampea 1 unaisikia tu, zikifika 10 na kitu misuli inakaza unaweza kushindwa kuachia, 30 kwenda juu moyo uko hatarini. Afu angalia fyuzi ya plagi yako imeandikwa 13, hizo ni ampea, yani miliampea 13,000! Fyuzi inalinda waya usiungue, we haikujui. Na maji yenye chumvi gramu 35 kwa lita yanapitisha umeme mara mia na zaidi kuliko maji ya bomba, kwa hiyo hapo maji hayatakusaidia kuuzuia hata kidogo.

Umeniuliza mbona samaki hawashtuki. Samaki ni kama hawa kunguru wetu wanaokaa kwenye nyaya, hamna njia ya umeme kutokea. Tangi kioo, meza mbao, umeme uende wapi? Mpaka uje we, miguu peku kwenye sakafu ya sementi, uingize mkono, njia ndo imepatikana.

Haya tuje kwa fundi wako na kifimbo chake cha titaniamu anachotaka kukiweka majini na kukiunga kwenye ethi. Hapa nilikasirika kidogo. Kifimbo sio kibaya lakini kinakuja baada ya RCD (kile kifaa cha kukata umeme unapovuja), sio badala yake. Ukikiweka peke yake multimita itasoma sifuri, kutekenywa kutaisha, mtafurahi wote, na hita iliyopasuka itaendelea kuvujisha umeme kupitia kwenye maji kwenda ethi usiku na mchana huku samaki wako katikati. Mbaya zaidi, siku taa ya juu ikipata hitilafu ukaishika kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye maji yaliyoungwa ethi, umeme unakatiza kifuani. Na asije akakubadilishia akaweka waya wa kopa kwa kubana hela, kopa inaua kamba na matumbawe.

Kwa hiyo RCD ya miliampea 30 kwanza. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ukipungua kiasi hicho inakata ndani ya sekunde 0.3, mara nyingi mapema zaidi. Wamarekani wao wanatumia za kama miliampea 5 kabisa. Faida yake nyingine inafanya kazi hata ethi ikiwa mbovu mbovu, nondo ya ethi yenye ukinzani wa omu 200 haiwezi kuangusha breka lakini RCD inaanguka vizuri tu. Ikishawekwa ndo uunge kifimbo, ili hita ikipasuka ikate saa hiyo hiyo bila kusubiri mkono wako. Bonyeza kitufe cha T kila mwezi. Na tafadhali ile gadi ya friji uliyoichomeka hapo sio RCD! Inaangalia umeme ukipanda au kushuka, basi.

Ubaya wa RCD ni kwamba inaweza kukata ukiwa kazini, na maji chumvi yanabeba oksijeni pungufu kuliko ya bomba, pampu ikilala masaa samaki wanaanza kuhema juu. Weka mbili, hita na taa kwenye moja, pampu ya kuzungusha maji kwenye nyingine, na pampu ya hewa ya betri pembeni. Kwenye inveta au jenereta usiitegemee sana, nyingi nyutro yake haijaungwa na ethi kwa hiyo RCD inaweza isikate, umeme ukiwa wa inveta mkono usiingie majini.

Hita yako mi ndo naishuku. Itoe (ikiwa imechomolewa jamani!) uangalie nywele ya ufa au ukungu ndani ya kioo. Ukiona, tupa, hamna cha silikoni wala selotepu. Nyingi zinapasukia kwenye kubadilisha maji, inabaki hewani ikiwa ya moto afu inamwagiwa maji ya baridi, ichomoe iache ipoe kwanza. Na hiyo ekstensheni iliyolala sakafuni chini ya tangi ipandishe ukutani, kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda ili matone yadondokee chini, chumvi nayo inatambaa kwenye nyaya mpaka ndani ya soketi kwa hiyo uwe unaifuta.

Kabla hujamlipa fundi nitumie picha ya meni swichi ikiwa wazi, huenda RCD imo tayari na inabeba soketi za jikoni tu.

Nisalimie shemeji.

Zuhura